Sabuni Yenye Picha ya Karoti

Amri ya nane ya Mungu yakataza uongo. Mkatekumeni anayejifunza amri hiyo kwa mara ya kwanza hufikiri upesi juu ya kinywa: shahidi asemaye uongo mbele ya mwamuzi, jirani asingiziaye, mtoto aliyevunja chungu akamtaja mbuzi. Hayo yote ni kweli. Lakini uongo waweza kusemwa hata na kitu kisicho na ulimi. Waweza kuchorwa, waweza kuandikwa kwa rangi ya dhahabu, waweza kubandikwa juu ya kikopo cha pomadi na kusafiri nchi nyingi, hata ukafika Kama, juu ya meza ya mchuuzi, kati ya chumvi na mawe ya tochi.

Vikopo hivyo hufika Kindu kwa njia nyingi. Kutoka Kindu huvushwa mto Lualaba hadi Alunguli, kisha hupakiwa juu ya baiskeli na pikipiki, vikaingia msituni. Juu yake pamechorwa karoti, au papai lililokatwa katikati, au ndimu, au jani bichi lenye tone la umande. Pembeni pameandikwa kwa Kifaransa «naturel», yaani cha asili, au «à base de plantes», yaani kilichotengenezwa kwa mimea. Mama asiyejua kusoma aiona karoti, aamini. Kijana aliyesoma miaka sita aliona neno, aamini zaidi. Maana aliyesoma hudanganywa kwa maandishi upesi kuliko asiyesoma.

Maandiko Matakatifu yasimulia habari ya mzee Isaka. Macho yake yalikuwa yamefifia, akataka kumbariki Esau, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa na mwili wenye manyoya. Rebeka akamvika Yakobo ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni. Mzee aliisikia sauti, akaingiwa na shaka. Lakini alipoipapasa mikono, shaka ikamtoka, akabariki asiyemkusudia. Yafaa kuangalia jambo moja katika habari hiyo. Manyoya yale hayakuwa ya bandia. Yalikuwa manyoya ya mbuzi wa kweli, ya asili kabisa. Isaka hakudanganywa kwa kitu kisichokuwako, bali kwa kitu cha kweli kilichowekwa mahali pasipo pake.

Ndivyo ilivyo karoti ya kikopo. Pengine imo kweli. Katika nchi za Ulaya na Marekani sheria yaamuru vitu vyote vilivyomo viandikwe kwa mpangilio, kilicho kingi kwanza, kilicho kidogo baadaye. Mwenye kusoma orodha hiyo ndogo nyuma ya kikopo hukuta maji mbele ya yote, kisha mafuta ya kiwandani, kisha majina marefu, na karibu na mwisho jina la Kilatini la karoti, Daucus carota. Huenda ni tone tu. Mbele ya kikopo tone hilo limechorwa kubwa kuliko vyote.

Na neno lenyewe, «asili», halina mipaka iliyokazwa. Huko Marekani wakubwa wanaosimamia vyakula na dawa hawajaweka maana ya sheria kwa neno hilo katika vitu vya kupaka mwili. Kuna hesabu ya mataifa iitwayo ISO 16128, iliyotolewa mwaka 2016 na 2017, ya kupima kiasi cha asili kilichomo katika pomadi. Nayo yaruhusu maji kuhesabiwa kuwa ya asili. Basi kikopo kilichojaa maji chaweza kujisifu kuwa karibu chote ni cha asili, wala kisivunje hesabu hiyo. Watu wa Lualaba wangekuwa matajiri wakubwa kwa kipimo hicho.

Lakini tuseme kila kitu ndani yake chatoka kweli katika udongo na mimea. Je, kwa sababu hiyo hakiwezi kudhuru? Mama yeyote wa Kama ajua jibu. Muhogo mchungu ni wa asili, Mungu aliuotesha. Lakini hakuna mama autoaye shambani na kuwapa watoto siku ile ile. Huulowesha majini siku kadhaa, huuanika, huutwanga, kwa kuwa ndani yake mna sumu. Penye haraka au njaa, watu walipokula muhogo usiolowekwa vema, wengine walipooza miguu. Ugonjwa huo huitwa konzo, na daktari Trolli aliuandika kwa watu wa Kwango mwaka 1938. Utomvu wa papai bichi ni wa asili, nao huchoma ngozi. Zebaki nayo hutoka ardhini, na wachimbaji wa dhahabu waijuao wajua kwamba haifai kuchezewa.

Kinyume chake pia ni kweli. Sabuni inayopikwa kijijini kwa mafuta ya mawese haipatikani kwa mawese peke yake. Yahitaji maji ya majivu, au soda kali ya dukani iunguzayo mkono. Mawese na soda vikichanganywa kwa kipimo na kuachwa vikomae, ukali wa soda huisha, sabuni ikawa salama. Anayeuliza kama kitu ni cha asili au cha kiwanda ameuliza swali lisilofaa. Yampasa aulize: kimo nini, kwa kipimo gani, na kitaufanyia mwili nini?

Katika pomadi na sabuni nyingi za kung'arisha ngozi, zile ambazo watu huziita mkorogo, mna vitu vitatu vya kuogopwa. Cha kwanza ni hiyo zebaki. Huzuia mwili usitengeneze rangi yake, na kwa hiyo ngozi huonekana kuwa nyeupe. Lakini hupenya ngozi ikaingia katika damu, ikaharibu figo. Huweza kutetemesha mikono, kuleta ganzi na huzuni isiyo na sababu. Hupita kutoka kwa mama mjamzito hata kwa mtoto aliye tumboni. Hubaki katika taulo na katika shuka, na mtoto alalaye na mama yake huipata bila kupakwa. Mwaka 2018 shirika la Zero Mercury Working Group lilitangaza uchunguzi wa pomadi 338 zilizonunuliwa katika nchi 22. Katika hizo, 34 zilikutwa na zebaki nyingi mno kupita mpaka uliowekwa, ambao ni gramu moja tu katika kilo elfu.

Cha pili ni hidrokwinoni. Hiyo hung'arisha mwanzoni, na mwenye kuipaka hufurahi. Akiendelea miaka, mashavu hugeuka, yakawa na madoa meusi yenye rangi ya samawati na ngozi ngumu yenye chembechembe. Naye akiyaona huongeza pomadi ili ayafute, na pomadi huyazidisha. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika wazi kwamba madoa hayo yatokana na dawa hiyo. Cha tatu ni klobetasoli, dawa kali ambayo daktari huitoa kwa ugonjwa wa ngozi, kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Apakaye mwili mzima kila siku, ngozi yake huwa nyembamba kama karatasi, huchanika michirizi, na kidonda hakifungi upesi. Mama wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa wakati wa kuzaa, mshono wake huweza kuchelewa kupona.

Haya si mambo yaliyogunduliwa jana. Afrika Kusini ilizikataza pomadi hizo mwaka 1990. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza hidrokwinoni katika pomadi za kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001. Rwanda ilianza kuzikamata madukani mwishoni mwa mwaka 2018. Mapatano ya mataifa yaitwayo Minamata, yaliyokubaliwa mwaka 2013, yalikataza zebaki katika vitu vya kupaka. Na katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 mataifa yalifuta hata ule mpaka mdogo, wakiweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa pomadi zote zilizotiwa zebaki. Lakini jambo moja lachoma moyo kuliko yote. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya viliweza kutengeneza sabuni za zebaki zisizoruhusiwa kuuzwa Ulaya kwenyewe, zikapelekwa Afrika. Mwaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipokataza kuzipeleka nje. Nabii Amosi aliwakaripia wachuuzi wa Israeli walioingojea sikukuu ipite ili wapunguze kipimo na kuwauzia maskini makapi ya ngano. Makapi angalau hayaui.

Yafaa kusema pia juu ya wanaonunua, wala si kwa ukali. Msichana anayejiandaa kubatizwa usiku wa Pasaka aweza kuwaza moyoni: nguo nitakayovikwa ni nyeupe, na uso wangu je? Wengi wamemwambia, kwa picha na kwa maneno, kwamba mweupe ndiye mzuri. Yeye hakulibuni wazo hilo, amelikuta. Padri atakapompaka mafuta ya wakatekumeni, kisha Krisma takatifu, hataitazama rangi ya ngozi aipakayo. Nguo nyeupe ya ubatizo ni alama ya roho iliyosafishwa. Haikuwa kamwe alama ya ngozi. Na bibi arusi anayesifiwa katika Wimbo Ulio Bora ajitaja mwenyewe kuwa mweusi na mzuri, wala haombi radhi. Rangi ile ambayo pomadi yaifuta ni kinga ambayo Muumba aliiweka juu ya mwili wa watu wa nchi za jua kali. Wenye ualbino, waliozaliwa na kinga hiyo haba, wajua uchungu wa jua na vidonda vyake. Hakuna kati yao ambaye angeitupa kinga hiyo kama angepewa.

Imebaki habari ya muuzaji, nayo ni ngumu zaidi, maana mara nyingi muuzaji naye ni mkatekumeni. Amenunua katoni nzima Kindu kwa fedha alizokopa kwa shemeji yake. Amesikia mafundisho, amerudi nyumbani, ameitazama katoni. Mtu wa namna hiyo huja kwa katekista jioni, peke yake.

«Mwalimu,» asema, «karatasi hii sikuiandika mimi. Nimeinunua kama ilivyo, nauza kama ilivyo. Dhambi ni ya nani?»

«Baba, kabla hujajua, hukuwa na hatia ya kudanganya. Leo umejua.»

«Na deni la shemeji?»

«Deni ni la kweli, nalo yapasa lilipwe. Lakini halitalipwa kwa figo za mke wa jirani.»

Katekista ajibuye hivyo amejibu sawasawa. Ajuaye kwamba kitu kina sumu, akakiuza kwa jina la karoti, ameufanya uongo wa kiwanda kuwa wake, na zaidi ya amri ya nane ameigusa ya saba, kwa kuwa amechukua fedha kwa kitu ambacho mnunuzi hakukitaka, na ya tano, kwa sababu ya mwili wa jirani. Yampasa akawaambie waliokwisha kununua, hata kama ni aibu. Aliyerudisha kikopo ambacho bado hakijaisha arudishiwe fedha, kidogo kidogo kadiri atakavyoweza. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini Kanisa halimdai maskini zaidi ya haki. Tena aende kwa shemeji, amweleze, aombe muda. Biashara nyingine haikatazwi: mawese yapo, sabuni ya kijiji ipo, chumvi na ndala watu wazihitaji kila siku.

Atazitambuaje zenye sumu? Kwa macho zebaki haionekani. Lakini zipo dalili. Kikopo kisichotaja aliyekitengeneza wala vitu vilivyomo kisiuzwe. Kinachoahidi kung'arisha mwili kwa siku chache kisiuzwe, hata kingechorwa shamba zima la karoti. Palipoandikwa «mercure», «calomel», «hydroquinone» au «clobétasol», pametosha. Na iko dalili ya ajabu: karatasi nyingine huonya kwamba pomadi isiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu. Zebaki ndiyo ilayo vyuma hivyo. Mtengenezaji amemwonea huruma pete ya mama, hakumwonea huruma mama.

Wenye kupaka tayari waende kwenye kituo cha afya, kwanza wajawazito na wanaonyonyesha. Aliyepaka klobetasoli muda mrefu asiache ghafula kwa shauri lake mwenyewe, bali muuguzi amwongoze, kwa kuwa mwili uliozoea dawa hiyo huweza kuugua ikikatwa mara moja. Taulo na shuka zifuliwe mbali na za watoto.

Na ile katoni? Isitupwe chooni wala mtoni, wala isifukiwe karibu na chemchemi. Zaidi ya yote isichomwe moto, kwa maana zebaki ikipata moto hupanda pamoja na moshi ikaingia mapafuni mwa waliosimama karibu. Vikopo vifungwe vifuniko vyake, vitiwe katika mfuko mmoja mgumu, vikabidhiwe kwa muuguzi mkuu, naye awaulize wakubwa wa zoni ya afya mahali pa kuviweka. Mpaka jibu lifike, mfuko ukae juu, mbali na jiko, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.