Amana ya Tabaka la Katikati

Anayemshonea mwenzake barakoa anampa ahadi ambayo mwenzake hana namna ya kuikagua. Kitenge cha nje kinaonekana, lastiki za masikioni zinavutwa zikajaribiwa, mshono unageuzwa ukatazamwa. Lakini kitambaa cha kuchujia, kile kinachokaa katikati ya tabaka mbili, kikishashonewa ndani hakionekani tena, na hata kingeonekana, jicho peke yake lisingejua kinazuia nini na kinapitisha nini. Korona ilipothibitishwa Kongo tarehe 10 Machi 2020, na Rais Félix Tshisekedi alipotangaza hali ya dharura wiki mbili baadaye, ahadi ya namna hii ilianza kutolewa kila siku katika miji ya nchi nzima, kwa kuwa barakoa za viwandani zilikuwa adimu duniani kote na kazi ikawaangukia mafundi wa cherehani. Likasi ahadi hiyo ina uzito wa ziada. Huu ni mji wa Katanga, mji wa shaba na kobalti, uliozaliwa na kampuni ya migodi ya Union Minière na kurithiwa na Gécamines, kampuni iliyoifuata, na pua inayohofia virusi ndiyo hiyohiyo inayovuta vumbi la malori ya madini na la mashimo ya wachimbaji. Ninalotaka kulitetea ni hili: kuchagua kitambaa cha kuchujia ni jambo la dhamiri, na katika jambo hilo nia njema haitoshi. Anayeshona kwa huruma bila kujua anashona nini anaweza kubeba lawama sawa na mdanganyifu, iwapo ujuzi ulikuwa karibu naye akaupita.

Kwanza tuone kitambaa kinafanyaje kazi, maana hoja yote imesimama hapo. Wengi hudhani kuchuja ni kazi ya matundu: tundu likiwa dogo kuliko chembe, chembe inabaki nje. Sivyo. Chembe kubwa, kama matone ya mate au vumbi la barabarani, hunaswa kwa sababu hewa inapojipinda kuzunguka uzi, zenyewe haziwezi kupinda haraka, zinajigonga na kubaki. Chembe ndogo mno hutangatanga ovyo ndani ya hewa mpaka ziguse uzi na kushikwa. Zinazopenya kwa urahisi zaidi ni zile za katikati, zenye upana wa karibu mikroni 0.3, kubwa mno kutangatanga na ndogo mno kujigonga. Ndiyo sababu barakoa za viwandani hupimwa kwa chembe za kadiri hiyo. Uzi wa pamba una unene wa mikroni kumi na zaidi. Nyuzi za polipropilini, aina ya plastiki, zinazopulizwa zikiwa bado zimeyeyuka huwa za mikroni chache tu, na kiwandani hutiwa chaji ya umeme inayovuta chembe kabla hazijagusa. Siri ya barakoa ya hospitali ni chaji hiyo. Ukiifua kwa sabuni au ukaimwagia alkoholi, kwa macho itabaki ileile, huku nguvu yake kubwa ikiwa imekwisha.

Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa tarehe 5 Juni 2020 ulikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye cherehani: tabaka tatu, la ndani la pamba inayonyonya unyevu, la nje la polyesta au mchanganyiko usiopenda maji, na katikati polipropilini isiyofumwa, ambayo haina chaji ya kiwandani lakini nyuzi zake zimelala ovyo, bila mistari ya matundu kama ya kitambaa kilichofumwa. Kitu hicho si kigeni. Ni kile kinachoshonewa mifuko ya sokoni inayofanana na kitambaa, ileile iliyoenea Tanzania baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mwenye kushona anaweza kukiinua kitambaa mbele ya jua aone mwanga unapita kiasi gani, akadondosha tone la maji juu ya tabaka la nje aone kama linaenea, akaivaa barakoa na kusikiliza kama pumzi inapita kwenye kitambaa au inatorokea pembeni ya pua. Jaribio hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo zito zaidi. Watafiti waliopima vitambaa vya nyumbani mwaka 2020 waliona kwamba mwanya mdogo pembeni unaweza kuondoa zaidi ya nusu ya uwezo wa kitambaa bora. Hapo kuna funzo linalopita ushonaji: kitambaa kikizibwa mno, kwa turubai au kwa tabaka sita za kitenge, pumzi haishindani nacho, inatafuta mwanya. Ukali uliozidi unazaa uvujaji. Na wako waliokwenda mbali zaidi wakakata vichujio vya mashine, bila kuuliza kama ndani mna nyuzi za kioo ambazo mvaaji angezivuta mpaka mapafuni.

Sasa lawama inaingiaje? Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa wa Uingereza, William Kingdon Clifford, aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Ndani yake kuna mwenye meli anayejua kwamba chombo chake kimechakaa, lakini anajituliza moyo kidogokidogo mpaka anaamini kwa dhati kwamba kitafika salama. Kisha anawapakia abiria. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vyao ijapokuwa aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Tena anaongeza jambo gumu zaidi: hata meli ingefika salama, hatia yake isingepungua. Katika mapokeo ya Kiislamu kuna habari iliyo karibu zaidi na meza ya fundi. Mtume alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone, na akajitenga na kila anayeghushi. Muuzaji alijitetea kwamba ni mvua iliyolowesha. Utetezi huo ulikuwa wa kweli pengine, ila haukumsaidia, kwa kuwa suala halikuwa nani aliyeilowesha nafaka. Suala lilikuwa kwamba mnunuzi aliona sehemu kavu akalipia lundo zima. Tabaka la katikati la barakoa ni sehemu ile ya chini ya lundo.

Katanga yenyewe ina fikra zinazolifanya jambo hili kuwa zito kuliko udanganyifu wa kawaida wa sokoni. Placide Tempels, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 1945 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa Waluba kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu ya kila kiumbe huongezwa au hupunguzwa na ya wengine. Paulin Hountondji wa Benin alimpinga vikali, na nadhani kwa haki, kwa kuwapa watu wote wa jamii wazo moja kana kwamba hakuna anayefikiri peke yake. Hata hivyo, nje ya mabishano ya wasomi, wafanyakazi wa migodi na wake zao waliojiunga na Jamaa, jumuiya iliyoanza karibu na Tempels katika eneo la Kolwezi kwenye miaka ya 1950, walishika kwa Kiswahili chao maneno matatu ya kuishi kwayo: uzima, uzazi, mapendo. Uzima kwao hakuwa nao mtu peke yake. Sidhani kuna kitu kinachoonyesha hilo kwa uwazi kuliko pumzi ndani ya basi lililojaa kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Hewa niliyoitoa ndiyo utakayoivuta. Barakoa ya kitambaa hufaa zaidi kuwakinga wengine na matone ya mvaaji kuliko kumkinga mvaaji, kwa hiyo kuivaa kwenyewe ni kumfanyia jirani jambo ambalo hataliona na hatalishukuru.

Kuna pingamizi linalostahili heshima. Mtu atasema: wewe unadai vipimo na tabaka tatu katika mji ambako mama anashona kwa mabaki ya kitenge kwa sababu hana kingine, je, si afadhali kidogo kuliko kukosa kabisa? Ndiyo, mara nyingi ni afadhali, ingawa si kwa kiasi tunachopenda kuamini. Utafiti mkubwa wa Bangladesh, uliohusisha vijiji 600 na watu wazima zaidi ya 340,000, ulikuta kwamba pale zilipogawiwa barakoa za upasuaji, maambukizi yenye dalili yalipungua kwa karibu asilimia 11; pale zilipogawiwa za kitambaa, watafiti hawakupata tofauti ya uhakika. Hilo halimhukumu mama mwenye kitenge. Hadaiwi kuwa na polipropilini. Anadaiwa kutosema anayo. Umaskini unapunguza kile tunachoweza kutoa, lakini haugusi uwezo wetu wa kusema ukweli juu ya tulichotoa. Kauli kwamba hii ni pamba mbili tupu, inazuia mate, ibadilishe ikilowa, ni kauli ambayo fundi maskini kabisa anaweza kuitoa, na mnunuzi akiisikia atajua bado anahitaji kukaa mbali na anayekohoa.

Kutoisema kunaua hasa pale kitambaa kinapohamishwa kutoka kwenye mate kwenda kwenye vumbi la mgodi. Vumbi la silika linalofika ndani kabisa ya mapafu ni la mikroni chache tu, na kovu linaloliacha halina dawa ya kulifuta. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga ya kusini: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti kwa viwango ambavyo havikuwahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, na watoto walikuwa na zaidi kuliko watu wazima. Mchimbaji mdogo, creuseur kama anavyoitwa, anayefunga fulana au barakoa ya kitenge puani huzuia zile chembe nene ambazo pua na koo zingezikamata zenyewe, na kuruhusu zile zinazoua polepole. Kisha, kwa kuwa haoni tena vumbi mdomoni, anajiona salama na kukaa shimoni muda mrefu zaidi. Kwa kazi hiyo kitambaa cha nyumbani hakifai hata kikishonwa na fundi bora wa mji, na anayemwambia mchimbaji kwamba kinafaa anampakia katika meli ya Clifford.

Pingamizi lingine hutoka kanisani na msikitini: pumzi ni ya Mungu, naye ndiye anayelinda, kwa hiyo kuhangaikia nyuzi ni uhaba wa imani. Naiheshimu imani hiyo, lakini maandiko yenyewe hayaisomi hivyo. Kumbukumbu la Torati inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari ili damu ya atakayeanguka isiwe juu ya nyumba hiyo. Haimwambii aache ukingo, Mungu atamdaka anayeanguka. Tena aliyepewa amri si yule anayetembea juu ya dari. Ni mjenzi, mtu ambaye pengine hatakuwepo ajali ikitokea.

Na hapo ndipo pingamizi la mwisho linapogeuka kuwa hoja yangu. Wako wanaosema kwamba kuzungumza habari za kitambaa ni kumbebesha mwathirika mzigo wa wenye migodi: barabara zinaweza kumwagiwa maji, malori yanaweza kufunikwa, mwamba unaweza kutobolewa ukiwa umelowa. Wanasema kweli, na dini ya ukingo wa dari iko upande wao. Fundi anadaiwa ukweli juu ya kitambaa chake, basi; vinyago halisi vya vumbi, vyenye vichujio vinavyobadilishwa na mpira unaobana uso, wanadaiwa wale wanaopata faida kutoka shimoni. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe ndani ya ushirika unaotambuliwa na serikali. Kwa hiyo yupo anayejulikana wa kuulizwa, na madini yale yana wanunuzi wanaoyapima kwa mizani mpaka gramu ya mwisho. Faida wanayoipata ingeweza kukatwa gharama ya kichujio kabla haijakatwa kitu kingine chochote, na fundi anayemwambia mchimbaji waziwazi kwamba kitenge hakitoshi anampa sababu ya kwenda kukidai.