HUZUNI YA KUONDOKEWA NA PAKA WA NYUMBANI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa suali linaloonekana dogo. Paka aliyelelewa nyumbani miaka mingi amekufa. Mtoto wa nyumba hiyo hali wala halali, na mama yake machozi yamlenga kila atazamapo pahali alipokuwa akilala paka yule. Wakubwa wawacheka na kusema: "Kilio chote hiki ni cha paka? Imani yenu i wapi?" Je, huzuni hiyo ni aibu, au ni dhambi?

Twajibu kuwa si aibu wala si dhambi, maadamu haikupita mpaka. Imepokewa kwa Anas bin Malik, radhi za Allah zimfikie, kuwa alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kijidege cha kuchezea. Siku moja Mtume, s.a.w., aliingia nyumbani kwao akamuona mtoto amenyong'onyea. Akauliza sababu, akaambiwa kijidege chake kimekufa. Mtume hakumcheka wala hakumkemea, bali alimwita kwa lakabu yake kama aitwavyo mtu mzima, akamuuliza habari za ndege wake. Yeye aliyekuwa na mzigo wa umma mzima alipata wasaa wa kumliwaza mtoto mmoja. Sisi tumeshughulika na nini hata tukose wasaa huo?

Na paka ana pahali pake maalumu katika mafundisho yetu. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote twamjua kwa jina la Abu Huraira, yaani baba wa kipaka. Naye Abu Qatada alipotiliwa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe, akaja paka mwenye kiu, alimuinamishia chombo mpaka akanywa. Mwanamke alipostaajabu, alimweleza kuwa Mtume amefundisha kuwa paka si najisi, kwani yu katika wale wanaotuzunguka majumbani mwetu. Basi ambaye alikuzunguka kila siku, siku akitoweka huachaje kuona pengo lake?

Ama mpaka wa huzuni ni huu. Mtume alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, alilia, na akabainisha kuwa hapana lawama katika machozi wala katika huzuni ya moyo; lawama i katika maneno ya kumchukiza Mola. Siku hiyo jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa mauti ya Ibrahim. Mtume akayakataa maneno hayo mbele ya watu wote. Ikiwa jua halipatwi kwa kifo cha mwana wa Mtume, vipi twasema kuwa paka amekufa kwa kubeba balaa la mwenye nyumba, au kwa hasadi ya jirani? Wala paka hana hitima, hana matanga, hana arubaini.

Enyi wazazi, msimdanganye mtoto kuwa paka amekwenda kutembea, akakaa mlangoni akimngojea asiyerudi. Mwambieni kweli: amekufa, na aliyemuumba ndiye aliyemchukua. Akiuliza kama atamkuta Peponi, msimbunie habari za ghaibu. Qur'ani yatufunza kuwa wanyama nao ni umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao; na Mola wetu hamdhulumu yeyote. Hayo yatosha. Kisha mchimbieni paka shimo mumfukie, wala msimtupe jaani mtoto akiona. Si ibada ya mazishi. Ni usafi na adabu.

Lakini, ndugu zetu, liko jambo zito kuliko hilo. Vichochoro vya Mombasa na Lamu vimejaa paka wasio na wenyewe. Hungoja penye wauza samaki, hulala chini ya baraza zetu. Na wako miongoni mwetu wanaowamwagia maji ya moto, na wanaotia watoto wa paka katika gunia wakaenda kuwatupa. Nyumba moja yamlilia paka wake, na mlangoni pake paka mwengine afukuzwa kwa mawe! Sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfunga. Hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie. Tazameni vyema: kosa lake halikuwa kutompenda paka. Kosa lake lilikuwa kumzuilia riziki. Basi kupenda peke yake si hoja, na machozi si amali.

Kwa hivyo, enyi mliofikwa na huzuni hii, lieni wala msione haya. Na kile kibakuli alichokuwa akinywea marehemu wenu msikitupe. Mpeni mtoto akioshe, akitie maji, akiweke nje ya mlango kwa paka mwengine mwenye kiu. Mtoto atajifunza kuwa huruma haikufa pamoja na paka wake, na huenda akawa mwalimu wetu sisi wakubwa tuliomcheka.

Ewe Mola, tulainishie nyoyo zetu kwa viumbe vyako vyote, utuhurumie siku ambayo hatuna wa kutuhurumia ila Wewe. Amin. Wabillahi tawfiq.