Je, Kuhesabu Mali ni Kukosa Tawakali?

Kila mwaka mpya unapoanza, swali moja hurudi: Je, mtu amtegemeaye Mwenyezi Mungu anayo haja ya kukaa na kuhesabu shilingi zake? Wako wasemao kwamba riziki i mikononi mwa Mungu, na kwamba mwenye kupanga leo matumizi ya miezi ijayo amekwisha kuonyesha mashaka. Maneno haya yana sura ya uchaji. Hebu tuyapime.

Mpenzi msomaji, tazama hali ya mrina asali wa Rungwa, kusini ya Itigi katika mkoa wa Singida, kwenye njia iendayo Chunya na Mbeya. Fedha zake huja kwa msimu, lakini tumbo halina msimu. Mvua za huko ni za msimu mmoja. Hivyo Januari ifikapo, mahindi yangali mabichi shambani, ghala limepungua, na shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Aliyezila fedha za asali bila hesabu hujikuta akibisha hodi kwa mkopeshaji. Na siku hizi wako wakopeshaji wakaao ndani ya simu. Mikopo ya kunyonya watu wameipa jina la "kausha damu", na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Sasa je, mtu huyu ndiye aliyetawakali? Hasha! Yeye alikataa kuhesabu ili amtegemee Mungu, na mwisho wake amemtegemea mkopeshaji.

Nabii Yusufu a.s. aliwaelekeza watu wa Misri waweke nafaka ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki (12:48-49). Nani atasema kwamba nabii alikosa imani? Na katika Hadithi za Bukhari imesimuliwa kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliwawekea ahali zake chakula cha mwaka. Basi kuweka akiba si mashaka.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Wengi hudhani kwamba hesabu ni ya kujua tulicho nacho. Mimi nasema kwamba kwanza ni ya kujua kisicho chetu. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni, ng'ambo, nilikopa fedha kidogo kwa mwenzangu, wala sikuandika. Miezi ikapita. Aliponiuliza, nilikana kwa moyo mweupe kabisa, kwani nilikuwa nimesahau. Yeye alinyamaza, akaondoka. Baada ya siku kadhaa nilikumbuka, nikamlipa. Lakini ule unyamavu wake sijausahau mpaka leo. Sikukusudia uwongo, bali niliusema. Tangu hapo nimefahamu kwa nini Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu (2:283) inahusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Na Mtume s.a.w., kabla ya kupatikana wasaa, alikuwa hamsalii maiti aliyeacha deni lisilo na cha kulilipia, mpaka ajitokeze mtu wa kulidhamini.

Wanachama wengi wa VICOBA wanaijua siri hii. Kisanduku chao kina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Si kwamba wanachukiana. Wanaulinda upendo wao usivunjwe na shaka.

Basi chukua daftari. Andika kwanza madeni yako, na jina la kila anayekudai. Kisha andika haki za wengine: wazazi, maskini, na zaka ikiwa imekuwajibikia. Halafu chakula na shule. Mwisho akiba, hata ikiwa ndogo. Wala usiifanye akiba kuwa mungu, maana Kurani inakataza kuufunga mkono shingoni kama inavyokataza kuukunjua wote (17:30). Mrina mwenye busara hayamalizi masega yote. Huwaachia nyuki sehemu yao, la sivyo mzinga utahamwa.

Labda utasema: "Mimi sina cha kuhesabu." Ni kweli, hesabu haiongezi hata shilingi moja. Lakini itakuonyesha mapema kwamba hutafika mavuno, ili umwendee ndugu yako kwa kweli na si kwa visingizio. Na yule ndugu, akihesabu naye, huenda akaona kwamba kilichozidi kwake ndicho kilichopungua kwako. Hesabu ya mmoja isipokutana na hesabu ya mwenzake, kazi imebaki nusu.

Itakuja siku ambayo tutahesabiwa sote. Aliyezoea kujihesabu hataona ugeni. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waaminifu katika kidogo na katika kingi. Amin.