Je, kuchagua ladha ni uhuru?



Mwezi uliopita jambo dogo lilileta maneno mengi katika kanisa letu hapa Lobule. Kijana mmoja wa kwaya alirudi kutoka mjini Arua akiwa na sigara tatu za umeme, zile za kutumia na kutupa ambazo vijana huziita vepu. Ni ndogo kama kalamu nene, na rangi zake ni kama za pipi. Moja iliandikwa embe, ya pili tikiti maji, ya tatu minti. Jumapili baada ya ibada tukamkuta nyuma ya kanisa pamoja na wenzake wanne. Hawakuwa wakibishana juu ya dhambi wala juu ya afya. Walikuwa wakibishana ladha ipi ni bora.

Sisi wazee tukafanya kama tulivyozoea. Tukamnyang'anya, tukamkaripia, na mmoja wetu akasema aondolewe kwaya miezi mitatu. Ndipo kijana akajibu neno ambalo mpaka leo halijatutoka: "Pasta, tangu tufike huku hakuna mtu alishaniuliza mimi napenda nini. Mwenye kuuza vepu aliniuliza."

Tulinyamaza, kwa sababu alisema kweli. Mkimbizi hachagui njia ya kukimbilia. Anafuata upande ambao risasi hazisikiki. Hachagui kiwanja, anaonyeshwa. Hachagui chakula cha mgao, na tangu mgao ulipogawanywa kwa makundi mwaka 2023, hachagui hata kundi ambalo nyumba yake itaandikwa. Mtu wa namna hiyo akiwekewa ladha kumi mbele yake na kuambiwa achague, moyo wake unaruka. Furaha hiyo si upumbavu. Mungu alimwumba mtu awe na hiari. Hata kule Edeni alimwachia Adamu kazi ya kuwapa wanyama majina.

Basi swali letu leo si kama vepu ni mbaya tu. Swali ni hili: anayechagua ladha, je, amechagua kweli?

Kwanza, tuangalie kilichomo. Ndani ya vepu kuna betri, waya unaopata moto, na maji mazito yanayogeuka kuwa mvuke. Katika maji hayo mna gliserini, vitu vya kuleta harufu na ladha, na mara nyingi nikotini, ile ile ya tumbaku. Hapa Koboko msimu wa maembe ukifika, yanaanguka chini na kuoza. Watoto wanakula bure mpaka wanachoka. Hatujaona mtu aliyekosa usingizi na kugombana na mama yake kwa sababu ya kukosa embe. Kinachomrudisha kijana kwa muuzaji ni nikotini. Embe ni mlango tu.

Huku West Nile tumbaku si mgeni. Kwa miaka mingi wakulima wa Arua, Maracha na Koboko waliilima ili wauze, na miti mingi ilikatwa kwa kukaushia majani yake. Waulizeni wazee wanaovuta: moshi wa kwanza uliwachoma koo wakakohoa mpaka machozi. Ukali ule ulikuwa kama mbwa wa mlangoni, na wengi uliwarudisha nyumbani. Utamu wa matunda ni kipande cha nyama alichotupiwa mbwa yule ili asibweke.

Ndiyo maana serikali mbalimbali zimeanza kuangalia ladha. Marekani ilikataza sigara zenye ladha mwaka 2009, isipokuwa menthol. Mwaka 2020 ikazuia ladha za matunda katika vepu za kubadilisha kichupa, lakini zile za kutupa zikaachwa, na vijana wengi wakahamia huko. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote zikataze ladha katika vepu. Uingereza imekataza kuuza vepu za kutupa tangu tarehe 1 Juni 2025. Nasi hapa Uganda, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za umeme, shisha na tumbaku yenye ladha, tena inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 21. Kwa hiyo kijana anayetaka kuuza vepu Koboko anaweza kulala polisi, na sisi wakimbizi tunajua uzito wa neno hilo.

Pili, tutende haki kwa upande mwingine. Yuko mtu mzima aliyevuta sigara miaka ishirini. Huko Uingereza waganga humwambia kwamba vepu ina madhara machache kuliko sigara na inaweza kumsaidia kuiacha. Naye akipata ladha ya tunda anasahau moshi kwa urahisi zaidi. Hatumhukumu. Lakini mtu huyo anatoka ndani ya nyumba, na kijana wetu wa miaka kumi na saba, ambaye hajawahi kuvuta kitu, ndiyo kwanza anaingia. Mlango ni ule ule, ila nyayo zao zinaelekea pande mbili.

Tatu, tukumbuke watu wawili wa Maandiko. Esau alitoka porini amechoka, akachagua chakula chekundu cha dengu. Kama ungemwuliza siku ile, angesema amechagua chakula. Kumbe alikuwa ameuza haki ya mzaliwa wa kwanza. Ladha ilikuwa mbele ya macho yake, bei ilikuwa mgongoni. Danieli naye alikuwa mateka katika nchi ya ugeni, amepangiwa chakula cha mfalme kila siku, tena chakula kitamu. Akaomba mboga na maji. Meza ilikuwa ya mfalme, lakini neno "hapana" lilikuwa lake.

Hapo tunapata kipimo. Uchaguzi wa kweli unakuachia nguvu ya kuchagua tena kesho. Ukichagua shati jekundu leo, kesho unaweza kuvaa la buluu, au kumpa jirani yote mawili. Ukichagua embe ukaacha tikiti maji, kesho bado utaulizwa embe au tikiti maji, lakini "hapana" itakuwa imesogea mbali kidogo. Keshokutwa imesogea zaidi. Na kwa kijana mambo haya huenda haraka, maana ubongo wake bado unajengwa na nikotini huushika upesi. Ladha zinaweza kuwa kumi, lakini mnyororo ni mmoja.

Hata hivyo, wapendwa, tusimalize kwa kumhukumu kijana peke yake. Tuliketi tena Jumatano tukajiuliza: katika kanisa hili kijana anachagua nini? Nyimbo za ibada tunachagua sisi. Rangi ya sare za kwaya tulichagua sisi. Shamba la kanisa lipandwe mihogo au simsim, tuliamua sisi. Wao walipewa majembe. Na yule mama anayepika waragi ili apate ada ya shule tumemvumilia, kwa kuwa njaa tunaijua. Kwa kijana uvumilivu ule ulikwenda wapi? Muuzaji wa mjini alimwuliza swali ambalo sisi wachungaji wake hatukuwahi kumwuliza. Tumetubu kwa hilo.

Kijana hakuondolewa kwaya. Zile vepu hatukuzichoma, maana betri za namna ile zikitiwa motoni zinaweza kulipuka. Zimefungiwa sandukuni mpaka tupate mahali salama pa kuzitupa. Yeye amepoteza fedha yake ya kibarua cha wiki nyingi. Hatukumrudishia, na wengine wetu bado hawana amani juu ya jambo hilo. Tunaomba mtuombee.

Tena tumewakatia vijana robo ya shamba la kanisa, na tukawaambia wachague wenyewe cha kupanda na namna ya kutumia mapato. Walibishana jioni nzima, kama walivyobishana nyuma ya kanisa. Wamechagua nyanya. Sisi wazee tuliona karanga zingekuwa bora, lakini tumeuma ulimi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani:

1. Ni kitu gani nyumbani kwako huwezi tena kukiambia "hapana"?
2. Mara ya mwisho ulimwuliza mtoto wako anapenda nini ilikuwa lini?
3. Je, ilikuwa haki kutomrudishia kijana fedha yake?

Mungu awabariki nyote.