Mlango wa Mkongwe

Alfajiri ya tarehe 31 Januari 2004, katika mji wa Uddingston huko Uskoti, moto ulizuka ndani ya kabati lililokuwamo ushorobani mwa makao ya wazee yaitwayo Rosepark, ukaleta msiba uliowaondoa duniani watu 14. Chanzo chake kilikuwa hitilafu ya umeme. Moto wenyewe haukudumu, wala haukulila jengo zima. Kilichoua ni moshi, uliotambaa kimya ushorobani ukaingia kwa watu waliolala, kwa kuwa milango mingi ya vyumba ilikuwa wazi. Mwaka 2011, hakimu Brian Lockhart alipotoa matokeo ya uchunguzi wa vifo hivyo, alikata shauri kwamba baadhi yake, na pengine vyote, vingaliweza kuepukwa lau hadhari zilizostahili zingalichukuliwa.

Kauli hiyo imenishughulisha siku nyingi, maana sisi tuliolelewa katika itikadi ya kwamba ajali ya kila mja imekwisha andikwa twaweza kuuliza ni kwa idhini gani hakimu wa dunia adai kuwa mauti yaliyokwisha tokea yangaliepukika. Jawabu langu ni kwamba kadari ni siri ya Mola, ijulikanayo kwetu baada ya jambo kupita, ilhali faradhi hujulikana kabla yake. Na mwenye kuifanya siri ile kuwa udhuru wa kuacha faradhi ameichukua elimu asiyopewa akaitupa ile aliyopewa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba nyumba moja ya Madina iliwaka usiku na wenyewe wamo ndani, na Mtume alipopata habari hakukomea kwenye taazia, bali aliamrisha mioto izimwe kabla ya watu kulala; na katika hadithi nyingine aliagiza milango ifungwe usiku. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati, humwagiza ajengaye nyumba mpya atie ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Aliyeanguka hakuulizwa kwa nini alikwenda ukingoni. Aliyejenga ndiye aliyetwikwa dhima.

Lakini ukingo wa dari haumnyimi mtu kitu, na mlango uliofungwa humnyima mkongwe mengi. Mtu aliyetoka katika nyumba aliyozalia wanawe, akapewa chumba kimoja baina ya vyumba vya watu asiowajua, aghalabu hana ulimwengu uliosalia ila ule upitao mbele ya mlango wake: gari la chai, salamu ya jirani, na usiku, nyayo za muuguzi wa zamu ambazo kuzisikia tu ni nusu ya usingizi. Kwetu apigaye hodi ni yule ajaye kutoka nje. Mkongwe huyu hupiga hodi kutoka ndani, kwa kuuacha mlango wake wazi. Basi haifai kumwita mkaidi.

Fauka ya hayo, mlango uliotengenezwa kuzuia moto ni mzito. Hutakiwa kuustahimili moto kwa muda, mara nyingi dakika 30, na pembezoni hutiwa ukanda ambao ukipata joto huvimba ukaziba mwanya. Na juu yake huwekwa springi ya kuurudisha kila ufunguliwapo. Ajuza mwenye mkongojo hauwezi. Husukuma akasukumwa, hata akakata tamaa ya kutoka, na mfanyakazi amwoneaye huruma huchomeka kabari chini ya mlango. Mimi siwezi kumlaani mtu huyo, maana ametenda alilolitenda kwa mapenzi. Ila usiku wa moto kabari ile haina macho, na moshi hupita palepale ilipopita huruma.

Husemwa basi kwamba hapana budi kuchagua baina ya uhai na uhuru. Nakataa. Asemaye hivyo, akiwa amekabidhiwa amana ya watu dhaifu, amechukua mzigo wake mwenyewe akamtwika asiyejiweza, kisha akauita mzigo ule hiari. Insafu yataka uzito wa mlango ubebwe na mwenye nguvu, na jambo hilo lawezekana: vipo vifaa ambavyo springi yake hushikwa kwa umeme, mlango ukabaki mwepesi, ukasimama popote mwenyewe apendapo, nusu wazi au wazi kabisa; lakini kengele ya moto ikilia, au umeme ukikatika, springi huachiwa na mlango hujifunga. Mwenye kulalamikia gharama nitamsikiliza, ila ajue kwamba mahali pa kuipunguza si pumzi za wapangaji wake. Wala nisidhaniwe nasema kifaa kimetosha. Mlango uliofungwa hununua muda tu, na muda huo wahitaji watu walio macho, waliofundishwa, na wepesi wa kuwaita wazima moto. Huko Rosepark zilipita dakika za thamani baina ya kengele kulia na wito huo kutolewa.

Kengele katika makao ya namna hii hujaribiwa kila wiki huko Uingereza, na vifaa hivyo vikiitii, milango ya ushoroba mzima hujifunga kwa pamoja, na kila mzee akabaki peke yake kwa muda. Kisha kengele hunyamazishwa. Na kwa vile springi iliyokwisha legea yataka kukazwa upya, msukumo wa kwanza wa kuufungua mlango huwa mzito kama zamani, mzito kumshinda mkongwe. Hivyo hapana budi mtu mwenye nguvu apite chumba kwa chumba, apige hodi, ausukume mlango kwa mkono wake, kisha amuulize aliye ndani apenda ukae wazi kiasi gani.