Ihoji Nafsi Yako



Zaburi ya 42 na ya 43 ni za mtu ambaye leo tungemshauri aende kliniki. Analia mchana na usiku. Anakumbuka alivyokuwa akiongozana na umati kwenda hekaluni, na kumbukumbu hiyo inazidi kumuumiza. Ndipo anafanya jambo ambalo sisi wahubiri hulipita haraka: anaigeukia nafsi yake na kuiuliza mbona imeinama. Anauliza mara tatu katika zaburi hizo mbili. Mara ya kwanza haikutosha, na Maandiko hayaoni haya kutuonyesha hivyo.

Nayasema haya kwa kuwa wapo hapa Gatuanyaga wanaodhani kwamba Mkristo akitumia programu ya kwenye simu kujisaidia na msongo wa mawazo amepungukiwa imani. Sivyo.

Baadhi ya programu hizo huanza na maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita: umelalaje, umekulaje, bado kuna linalokufurahisha? Kisha hutoa kazi ndogondogo. Mfikirie kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakosa karo ya chuo, anashinda kitandani na nyumbani wanamwita mvivu. Anaandika: "Saa tatu, nimemwagilia sukuma wiki. Moyo: 4 kwa 10. Saa nane, nimerudi kulala. Moyo: 2." Wiki ikiisha anaona mwenyewe kwamba shambani alikuwa na nafuu kuliko kitandani. Halafu anaambiwa alikamate lile wazo linalomrudia, kwamba yeye si kitu, na kulidai ushahidi. Mtunga zaburi angeielewa kazi hiyo.

Jambo la aina hii limejaribiwa hapa Kenya. Mwaka 2020 Tom Osborn, Mkenya na mmoja wa waanzilishi wa shirika la Shamiri, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 103 wa shule ya upili. Baadhi yao walipewa kikao kimoja tu cha kompyuta, wasome na kuandika kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani na mambo wanayoyathamini. Baada ya wiki 2, dalili za huzuni zilikuwa zimewapungua kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za masomo. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya jaribio jingine, katika shule za Nairobi na za kaunti yetu ya Kiambu, ambapo vijana waliotoka shuleni juzi tu waliongoza vikundi. Nalo lilileta nafuu. Shukrani, jamani! Tunaihubiri kila Jumapili, lakini ni wangapi tumewahi kumpa mtu kalamu aiandike?

Tatizo ni kwamba wengi wakiachiwa programu peke yao huiacha njiani. Bando huisha, na huzuni yenyewe ndiyo inayokula hamu. Wanaofuatiliwa na mtu, hata kwa simu fupi, humaliza zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya jumuiya zetu. Hatuhitaji daktari katika kila jumuiya, tunahitaji mtu wa kuuliza siku ya Jumatano, "Umefika somo la ngapi?" kisha anyamaze asikilize, asianze kuhubiri. Mwenye simu ya mulika mwizi naye asikate tamaa, kazi hizo zinafanyika hata kwenye daftari.

Ila haya yote ni ya huzuni iliyo nyepesi. Aliyeacha kula, anayesikia sauti, au anayewaza kufa, huyo tusimwachie simu mkononi tukaenda zetu. Tukae naye, tumpeleke hospitali, siku hiyohiyo. Tena hofu ya polisi isitufanye tufiche: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Na ukikwama usiku, Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Iandike leo ndani ya jalada la Biblia yako, na umpe jirani naye aiandike.