Koleo la Mfukoni

Hebu ingiza mkono mfukoni. Una nini? Simu, funguo, chenji ya nauli. Mimi nina koleo.

Hili hukunjika likaenea kiganjani. Ndani yake mna kisu, bisibisi, tupa na kifungua kopo. Mmarekani Tim Leatherman alipata wazo lake mwaka 1975, akizunguka Ulaya na Fiat kuukuu iliyomharibikia kila mara. Kisu cha mfukoni alikuwa nacho, koleo hana. Alianza kuliuza 1983.

Jioni moja tukipanda mlima Kitonga, gari lilizima ghafla. Taa zikafa, honi kimya. Dereva akafungua boneti, nikamulika kwa simu. Kichwa cha waya wa betri kilikuwa kinacheza kama jino bovu, kimezungukwa na unga mweupe. Spana? Zimebaki nyumbani, alisema huku akitazama chini. Nikakwangua ule unga kwa kisu, nikaikaza nati kwa koleo, nusu mzunguko tu. Gari likawaka. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaniuliza, "Mwanangu, kumbe wewe ni fundi?"

"Hapana, mama. Mwoga tu."

Koleo hili halinyanyui gari wala haliwi tairi la akiba, kwa hiyo jeki yako usiiuze. Na ukisafiri kwa ndege, liweke kwenye begi linalopakiwa chini. Pale kwenye ukaguzi hawana utani. Langu la kwanza niliwaachia wao.